Sababu Pamoja na Hatua: Kufundisha Kazi ya Kubadili Nyuzi za Gitaa la Umeme

Katika masomo ya kazi za mikono mwalimu hukabiliwa na mtego mmoja ambao masomo mengine hayana: kazi yenyewe huweza kukamilika bila mwanafunzi kujifunza lo lote. Hesabu isiyoeleweka huonekana daftarini. Lakini kiti kikishagongwa misumari na kusimama, au gitaa likishatiwa nyuzi mpya na kulia vizuri, kila mtu hufurahi, wala hakuna aulizaye ni nani aliyeelewa kilichofanyika. Mwalimu hurudi nyumbani akidhani amefundisha, kumbe ametengeneza tu.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa kazi moja ndogo, jinsi mwalimu awezavyo kuuepuka mtego huo. Kazi tuliyoichagua ni kubadili nyuzi za gitaa la umeme. Kwanza, ni kazi fupi yenye mwanzo na mwisho, na jambo lile lile hurudiwa mara sita, kwa hiyo wanafunzi wengi hupata nafasi ya kushika. Pili, kila hatua yake ina sababu ambayo mtoto aweza kuiona kwa macho au kuisikia kwa masikio, na sababu hizo zaingia katika sayansi, hesabu na muziki. Tatu, chombo chenyewe si kigeni kwa watoto wetu. Wamekisikia katika kwaya, katika taarabu, na katika nyimbo za dansi ambazo wazee wao wangali wakizicheza redioni, kama zile za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au za Franco na OK Jazz ya Kongo.

Hoja yetu ni hii: hatua isifundishwe peke yake, bali ifundishwe pamoja na sababu yake. Aliyekariri hatua ataliweza gitaa lile moja aliloonyeshwa. Aliyeelewa sababu ataweza hata gitaa ambalo hajapata kuliona.

Mwalimu akijue chombo kwanza

Mwalimu asiingie darasani na gitaa asilolijua. Yafaa kulikalisha mezani siku moja kabla na kulichunguza kutoka kichwani hadi mwishoni.

Kichwani kuna vigingi sita vya kukazia nyuzi, na kila kigingi kina kishikio kinachozungushwa kwa vidole. Pale kichwa kinapokutana na shingo pana kipande chembamba chenye mifuo sita. Hicho tutakiita kizingiti, kwa maana nyuzi zote hukivuka kama mtu avukavyo mlangoni. Juu ya shingo vimepigwa vipande vyembamba vya chuma viitwavyo feti. Mwilini kuna daraja, ambalo nyuzi hukalia, na kati ya daraja na shingo zimo pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu.

Hizo pikapu ndizo zinazolitenga gitaa la umeme na magitaa mengine. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku huutikisa uga wa sumaku, na kutikisika huko huzalisha umeme mdogo katika ule waya wa shaba. Kanuni hiyo aliionyesha Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Ilichukua karne nzima kabla ya George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko Marekani, kuitumia katika gitaa lililoanza kuuzwa mwaka 1932. Kutokana na jambo hilo twapata sababu ya kwanza ya kuwaeleza wanafunzi: nyuzi za gitaa hili sharti ziwe za chuma kinachovutwa na sumaku. Nyuzi za nailoni, hata zikiwa mpya na nzuri namna gani, zitatetemeka bure na pikapu haitasikia kitu.

Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, ambao ni wa 1, hadi ule mnene, ambao ni wa 6. Seti itumiwayo na wengi huandikwa 10–46 kwenye paketi. Tarakimu hizo ni sehemu za elfu za inchi: uzi wa 1 una unene wa milimita 0.25, na wa 6 unene wa milimita 1.17. Nyuzi tatu nyembamba ni waya mtupu. Tatu nene ni waya uliozungushiwa waya mwingine, ili uzito uongezeke bila uzi kuwa mgumu kama msumari.

Ikiwa gitaa ni la kuazima, na katika shule nyingi litakuwa la kuazima, mwalimu amwombe mwenyewe ruhusa na amwulize anatumia nyuzi za unene gani. Nyuzi zote sita zinapokazwa kwa sauti zake, gitaa lenye seti kama hiyo huvutwa kwa nguvu ya kilo 45 hadi 50 hivi, karibu uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Shingo na daraja vimerekebishwa kuubeba mzigo huo. Ukibadili unene wa nyuzi umebadili mzigo, nawe utamrudishia mwenye gitaa chombo kisichochezeka. Huenda gitaa hilo ndilo linalomlisha.

Vifaa ni vichache: seti moja ya nyuzi na uzi wa 1 mmoja wa akiba, kwa kuwa ndio upesi kukatika, plaizi ya kukatia waya, kitambaa kikavu, penseli, rula, kopo la kutilia mabaki, na kanga iliyokunjwa ya kulazia shingo. Amplifaya haihitajiki mpaka mwisho wa kazi.

Hatua na sababu zake

Hatua ya kwanza ni kuchomoa waya unaoliunganisha gitaa na amplifaya. Mikono itashika vyuma vyote vya gitaa kwa muda mrefu, na hatutaki kutegemea uzima wa waya wa umeme tusioujua.

Hatua ya pili ni kuulegeza uzi mkuukuu mpaka uning'inie, ndipo ukatwe au ufunguliwe. Uzi uliokazwa ni kama upinde uliovutwa: ukikatwa ghafla hurusha ncha zake, nazo zaweza kuingia jichoni. Mwanafunzi aweza kuliona hilo bila hatari kwa kuugusa uzi kila baada ya mizunguko michache ya kigingi na kusikia jinsi unavyozidi kulegea.

Hatua ya tatu ni kubadili uzi mmoja mmoja, wala si kuzitoa zote pamoja. Yako magitaa ambayo daraja lake huvutwa na springi kwa nyuma na nyuzi kwa mbele. Nyuzi zikitolewa zote, springi hushinda na daraja hulala. Yako mengine ambayo daraja limewekwa tu juu ya mwili bila kufungwa, likashikwa mahali pake na mkazo wa nyuzi. Hayo daraja huanguka. Kwa fundi aijuaye kazi si neno kuzitoa zote, kwani hupata nafasi ya kuusafisha uso wa shingo. Kwa darasa, mmoja mmoja ndiyo njia salama, na pia uzi mkuukuu wa jirani hubaki kuwa mfano wa kutazamia.

Hatua ya nne ni kuupitisha uzi mpya. Mwisho mmoja wa uzi una kidude cha mviringo kama ushanga. Ushanga huo hukwama darajani au nyuma ya mwili, na ndio unaouzuia uzi usichomoke. Uzi uvutwe mpaka ushanga ukae barabara. Usipokaa utateleza baadaye, na sauti itashuka katikati ya wimbo. Kabla ya kuulaza uzi kwenye kizingiti, ncha ya penseli isuguliwe ndani ya mfuo wake, kwani risasi ya penseli hulainisha, na uzi huteleza bila kukwama.

Hatua ya tano ni kuacha ziada ya kuzungukia kigingi. Hapa ndipo wengi hukosea. Uzi uliovutwa ukanyooka kabisa hauna cha kuzungukia na huteleza. Uliolegezwa mno hujiviringisha ovyo na hauachi kulegea. Kinachotakiwa ni mizunguko 2 au 3 kwa nyuzi nene, na mmoja zaidi kwa zile nyembamba. Mizunguko ishuke chini ya tundu la kigingi, mmoja chini ya mwingine bila kupandana. Ikishuka hivyo, uzi huinama vyema kutoka kwenye kizingiti na kukikandamiza, nao hauruki nje ya mfuo wake.

Hatua ya sita ni kukaza polepole hadi kwenye sauti yake, kuuvuta uzi kidogo kwa vidole ili mizunguko ijikaze, kisha kukaza tena. Uzi mpya hushuka sauti si kwa kuwa ni mbovu, bali kwa kuwa mizunguko na ushanga havijatulia. Baada ya mara tatu au nne hutulia. Mwishowe ncha iliyozidi hukatwa, ikaachwa milimita chache tu, na kukunjwa isimchome mtu.

Mahali kukariri kunaposhindwa

Tuseme mwalimu amewafundisha wanafunzi kwa gitaa ambalo vigingi vyake vyote sita viko upande mmoja wa kichwa, kama ilivyo katika Stratocaster ya kampuni ya Fender, iliyotolewa mwaka 1954. Gitaa likisimamishwa likitutazama, vishikio viko kushoto, na uzi hupita upande wa kulia wa kila kigingi, ukizunguka kinyume cha mshale wa saa. Wanafunzi wameandika daftarini: “Zungusha kinyume cha mshale wa saa.” Wamejibu vizuri, mwalimu ametia alama ya vema.

Juma lifuatalo laja gitaa lenye vigingi vitatu kushoto na vitatu kulia, kama Les Paul ya kampuni ya Gibson, iliyotolewa mwaka 1952. Wanafunzi wanazungusha vyote sita kinyume cha mshale wa saa, kama walivyoandika. Nyuzi tatu zinakaa sawa. Tatu za kulia zinapita upande usio wao na kupinda vibaya kwenye kizingiti. Ni nani aliyekosa? Wanafunzi wamefuata hatua kwa uaminifu. Kilichokosekana ni sababu.

Sababu ni kwamba uzi unatakiwa uende kwenye kigingi chake kwa njia iliyonyooka kadiri iwezekanavyo. Ukipinda hukwaruzana na mfuo wa kizingiti, na ukikwaruzana hukwama, na ukikwama hautulii katika sauti. Njia iliyonyooka ni ile inayopita upande wa kigingi ulio mbali na kishikio chake. Sentensi hiyo moja yatosha kwa magitaa yote mawili: vishikio vya kushoto, uzi hupita kulia, vishikio vya kulia, uzi hupita kushoto, na mzunguko hugeuka.

Mfano wa pili ni wa kukata ncha. Tumesema ncha hukatwa mwisho, baada ya uzi kutulia. Lakini viko vigingi vya namna nyingine ambavyo vina ufa juu na tundu katikati. Kwa hivyo uzi hupimwa na kukatwa kwanza, ncha ikatumbukizwa ndani ya tundu, ndipo uzungushwe. Aliyekariri kwamba “kukata ni mwisho” atashangaa. Aliyeelewa kwamba ziada yahitajika kwa mizunguko 2 au 3 tu, na kwamba ncha haitakiwi kubaki nje ikimchoma mtu, atatambua kuwa hapa mambo hayo mawili yamepatikana kwa njia nyingine.

Mwalimu aweza kuiibua sababu kwa maswali badala ya kuitamka. Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

Mwalimu: Uzi huu nimeupitisha upande gani wa kigingi?
Mwanafunzi: Upande wa kulia, mwalimu.
Mwalimu: Kwa nini si kushoto?
Mwanafunzi: Kwa sababu wewe umefanya hivyo, mwalimu.
Mwalimu: Haya, sasa naupitisha kushoto. Tazameni pale kwenye kizingiti. Mwaona nini?
Mwanafunzi wa pili: Umepinda, mwalimu.
Mwalimu: Uzi uliopinda mkiukaza utafanya nini ndani ya mfuo?
Mwanafunzi wa tatu: Utasuguana. Hautateleza.
Mwalimu: Basi ni nani atakayetuwekea kanuni, isiyotaja kulia wala kushoto?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Litachukua muda, na mwalimu asiwe mwepesi wa kulijibu yeye.

Mpango wa vipindi

Tunapendekeza kipindi kimoja cha maandalizi cha dakika 40, kisha vipindi viwili vilivyounganishwa vya dakika 80. Tuchukue darasa la sita lenye wanafunzi 45, waliogawanywa katika makundi 5 ya watu 9.

Katika kipindi cha maandalizi gitaa halishikwi. Kila kundi lina kipande cha ubao kilichotiwa kijiti cha mviringo chenye tundu, mfano wa kigingi, pamoja na mshipi wa kuvulia samaki. Kwa vifaa hivyo kila mwanafunzi hujifunza kuacha ziada, kupitisha uzi na kuzungusha kwa kushuka. Akikosea hapa amepoteza mshipi kidogo tu. Akikosea kwenye gitaa amepoteza uzi ambao pengine haupatikani mjini kwake.

Katika vipindi viwili vifuatavyo, dakika 15 za kwanza ni za mwalimu kubadili uzi wa 6, ulio mnene na unaoonekana kwa urahisi. Asisimame akilitazama darasa, kwani kulia kwake kutakuwa kushoto kwa wanafunzi. Akae, nao wasimame nyuma ya mabega yake kwa zamu, waione kazi kama ayionavyo yeye. Mara ya kwanza azungushe bila maneno. Mara ya pili alegeze na kurudia, akiuliza sababu ya kila hatua.

Dakika 45 zifuatazo ni za vituo vitano, na kila kundi hukaa dakika 9 katika kila kituo:

1. Gitaa. Kundi hubadili uzi mmoja: la kwanza uzi wa 5, la pili wa 4, na kuendelea hivyo hadi uzi wa 1. Wawili hushika, mmoja husoma hatua, mmoja huhesabu mizunguko, mmoja hulinda kopo la mabaki, nao waliobaki huulizwa sababu. Nyuzi nyembamba, ambazo ni ngumu zaidi, huangukia makundi ya mwisho yaliyokwisha kupita vituo vingine.

2. Vipimo. Kigingi chenye kipenyo cha milimita 6 kina mzingo gani? Ni 3.14 mara 6, yaani milimita 18.84, karibu 19. Mizunguko 3 yahitaji ziada gani? Karibu milimita 57. Sasa ile ziada ya sentimeta 5 hadi 6 ambayo mafundi hupima kwa vidole imepata sababu ya kihesabu.

3. Uzi mmoja ubaoni. Waya hufungwa kwenye msumari ncha moja ya ubao, ukapitishwa juu ya vijiti viwili, na kuning'inizwa ndoo ya mawe kwenye ncha nyingine. Wanafunzi huongeza mawe na kusikia sauti ikipanda. Husogeza kijiti hadi katikati na kusikia oktava ya juu. Kanuni hizo za urefu, mkazo na uzito wa uzi ziliandikwa na Marin Mersenne wa Ufaransa mwaka 1636.

4. Sumaku. Sumaku ya spika iliyoharibika hujaribiwa kwa uzi mkuukuu wa gitaa, mshipi wa samaki, waya wa shaba na uzi wa kushonea. Wanafunzi hutaja ni upi ufaao kwa gitaa la umeme na kwa nini.

5. Mchoro. Kila mmoja huchora vichwa viwili vya gitaa, cha vigingi sita upande mmoja na cha vitatu kwa vitatu, na kuonyesha kwa mishale njia ya kila uzi.

Dakika 20 za mwisho ni za kutia sauti na maswali. Wakati makundi yamo kazini mwalimu azunguke, ila mikono yake aifunge nyuma. Mwanafunzi akikwama, mwalimu aulize, asimpokonye uzi. Kuchukua kazi mkononi mwa mtoto ni kumwambia mbele ya wenzake kwamba hawezi. Gitaa litakuwa tayari dakika mbili mapema, lakini mtoto huyo hatajitolea tena kushika.

Kutia sauti: sikio litangulie

Nyuzi za gitaa, kutoka wa 6 hadi wa 1, hutiwa sauti za E, A, D, G, B na E. Uzi wa 5, ambao ni A, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Uzi wa 1 ukibonyezwa nyuma ya feti ya 5 hutoa A ya mitetemo 440, sawa na ile ya uma wa sauti utumiwao na walimu wa kwaya.

Wanafunzi waliozoea kuimba kwa do, re, mi wana hazina kubwa hapa. Kutoka uzi wa 6 kwenda wa 5 ni sawa na kuimba so ya chini kisha do ya juu yake. Ndivyo ilivyo kutoka wa 5 kwenda wa 4, wa 4 kwenda wa 3, na wa 2 kwenda wa 1. Mahali pamoja tu ni tofauti: kutoka wa 3 kwenda wa 2 ni do kwenda mi. Kwa hiyo darasa zima liimbe sauti inayotafutwa kabla kigingi hakijazungushwa. Baadaye walinganishe kwa kubonyeza feti ya 5 ya uzi mnene ili kupata sauti ya uzi unaofuata, isipokuwa uzi wa 3, ambao hubonyezwa feti ya 4.

Siku hizi iko programu ya simu inayoonyesha kwa mshale kama uzi umepanda au umeshuka. Ni chombo kizuri cha kusahihishia, na mwalimu asikidharau. Lakini kikitangulia, mtoto huangalia mshale na kuacha kusikiliza. Sikio litangulie, simu ithibitishe.

Ipo pia sababu ya usalama. Mwanafunzi asiyeijua sauti anayoiendea aweza kuipita na kuitafuta oktava ya juu. Ili sauti ipande oktava moja kwa kukaza tu, mkazo hauna budi kuwa mara 4. Uzi wa 1 hauwezi kuuhimili mkazo huo. Utakatika kabla ya kufika. Anayejua kuimba sauti inayotakiwa atasimama mapema.

Usalama na mabaki

Nyuso zikae mbali na mstari wa nyuzi zinapokazwa. Anayezungusha kigingi atazame kutoka pembeni, na wanaochungulia warudi nyuma hatua moja. Plaizi iwe mkononi mwa mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na kila anayekata ashike ncha zote mbili.

Mabaki yahesabiwe. Nyuzi kuukuu ni 6, na kila uzi mpya hutoa ncha moja: vipande 12 sharti viwemo koponi kabla kengele haijalia, na zaidi ikiwa nyuzi kuukuu zilikatwa vipande. Kipande cha waya kilichobaki sakafuni kitamchoma mtoto atembeaye peku, na kikitupwa majanini ng'ombe au mbuzi wa jirani aweza kukimeza. Nyuzi kuukuu zilizo ndefu zisitupwe. Ndizo zitakazofaa kituo cha uzi mmoja mwaka ujao.

Kupima kilichojifunzwa

Gitaa kulia vizuri si kipimo, kwani laweza kulia vizuri kwa juhudi ya wanafunzi wawili hodari kati ya 45. Tunapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, kila mwanafunzi afunge mshipi kwenye ubao wa kigingi peke yake, na mizunguko yake ihesabiwe. Pili, apewe mchoro wa kichwa cha gitaa ambacho hajakiona, kwa mfano chenye vigingi vinne upande mmoja na viwili upande wa pili, aonyeshe njia ya kila uzi. Tatu, aulizwe sababu: Kwa nini tumelegeza kabla ya kukata? Kwa nini hatukuzitoa nyuzi zote pamoja? Uzi mpya ukishuka sauti, utaurudisha dukani au utafanya nini?

Atakayefaulu kipimo cha kwanza tu ana mikono. Atakayefaulu vyote vitatu ana mikono na akili inayoiongoza, na huyo aweza kukabidhiwa chombo cha mtu.

Mwanachuo akumbuke kwamba huenda shule atakayopangiwa isiwe na gitaa. Mpango huu hautegemei gitaa peke yake. Tairi la baiskeli lililotoboka, taa ya kandili, cherehani iliyokata uzi, jembe lililolegea mpinini: kila kimoja kina hatua zake, na kila hatua ina sababu ambayo mtoto aweza kuulizwa. Kabla ya kuingia darasani mwalimu aandike hatua upande mmoja wa karatasi, na sababu upande wa pili. Akikuta hatua isiyo na sababu upande wa pili, aulize kwa wajuao kazi hiyo, ndipo akafundishe.